Amoksisilini ya mtoto: dawa ya maji au vidonge vya kuyeyuka?

Duka_Kongwa
Habari wakuu. Cheti kinasema amoksisilini miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 5, mtoto wa kilo 11 mwenye nimonia. Dukani nina chupa za unga wa kuchanganya (miligramu 125 kwa mililita 5) na vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250. Akina mama wanataka ya maji, wanasema kidonge ni cha wakubwa. Nitoe ipi?

Mfamasia_Dom
Toa vidonge. Pigia hesabu hiyo chupa: miligramu 500 ni mililita 20, yaani mililita 40 kila siku. Chupa ya mililita 100 inakauka siku ya tatu asubuhi! Zinatakiwa mbili, na aliyenunua moja atajua dozi imekwisha. Mbaya zaidi ni anayempa kijiko kimoja cha mililita 5 kwa mazoea. Hiyo ni robo ya dozi.

Vidonge ni 2 kila mara, jumla 20, na havihitaji friji. Mwoneshe mama pale pale kaunta: kikombe kidogo, maji safi mililita 10, tumbukiza, zungusha taratibu mpaka visambae. Vikisambaa anywe hapo hapo. Chini zitabaki chembe nyeupe. Hiyo nayo ni dawa, aongeze maji kidogo, asuuze kikombe, mtoto amalizie. Akishaona kwa macho kidonge kinageuka maji, ubishi unaisha.

Nesi_Chamwino
Naongezea: asikoroge dawa kwenye bakuli zima la uji, mtoto akiacha nusu ameacha nusu ya dozi. Mtoto akikataa kikombe, tumia bomba lisilo na sindano. Mtoto akae wima, ncha iingie pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, ameze kwanza. Kumbana pua ili ameze ni hatari, dawa inaweza kuingia njia ya hewa. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi.

Na asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea asiamke, huyo si wa dukani. Kituoni haraka.

Duka_Kongwa
Asanteni sana. Na siku vidonge vikiisha?

Mfamasia_Dom
Basi chupa 2, lakini achanganye moja tu. Ya pili ibaki unga mpaka ya kwanza iishe. Agonge chupa unga ulegee, atie maji yaliyochemshwa yakapoa, kama nusu ya kiasi, atikise. Povu likitulia aongeze hadi kwenye mstari, atikise tena. Wanaojaza kabla povu halijatulia wanasoma mstari wa povu, maji yanapungua na dawa inakuwa kali. Atikise kila anapompa, la sivyo siku za mwanzo mtoto atakunywa maji na mwishoni tope. Kuhusu muda wa kukaa ikishachanganywa, afuate lebo. Isiachwe juani, wala chini ya bati mchana, joto la huku unalijua.

Kapsuli ya mkubwa usiigawe unga kwa kukadiria kwa jicho.