Naomba ushauri: picha ya zamani ya babu akiwa na mbuzi aliyeshinda maonyesho ya kilimo Nairobi

Mjukuu wa Molo:
Wanajukwaa, nawasalimu. Katika sanduku la marehemu nyanya tumekuta picha ya rangi nyeusi na nyeupe inayomwonyesha babu enzi za ujana wake, akiwa ameshika kamba iliyolegea ya mbuzi jike mwenye kiwele kikubwa, na shingoni mwa mbuzi huyo limefungwa ua la utepe wa ushindi. Masikio ya mbuzi yamesimama, mwili una rangi ya giza, na mistari miwili myeupe inashuka kutoka machoni hadi mdomoni. Nyuma pameandikwa kwa penseli "Mitchell Park", jina la mbuzi na jina la mlowezi mwenye shamba ambako babu alichunga na kukamua. Jina la babu halimo. Picha imeanza kuwa na madoa ya manjano, na ndugu zangu wanataka tuipeleke studio ikapigwe lamineti, jambo ambalo mimi ninalisitia. Je, ni picha ya miaka gani, mbuzi huyu ni wa aina gani, na tuitunzeje?

Mtunza Nyaraka:
Ndugu, tafadhali wazuie. Lamineti hutumia joto na gundi, na ikishashika haiondoki bila kuichana picha yenyewe. Ishikeni pembeni kwa mikono safi na mikavu, msiipanguse kwa maji wala kitambaa chenye dawa, kisha mwiskani pande zote mbili kwa pikseli 600 kwa inchi na kuhifadhi faili ya TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha), kwa sababu maandishi ya penseli ni sehemu ya picha sawa na uso wake. Nakala ndiyo itakayosafishwa madoa kwenye kompyuta na kugawiwa ndugu wote, wakapenda kuipiga lamineti wakaipiga. Picha halisi ikae ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipo na jua wala joto la jikoni, na isiwekwe kamwe katika albamu zile zenye kurasa za kunata.

Mfugaji wa Nyeri:
Kwa maelezo yako, wa kwanza ninayemfikiria ni Toggenburg, mbuzi wa maziwa ambaye asili yake ni Uswisi, mwenye rangi ya kahawia na mistari hiyo myeupe usoni. Hata hivyo British Alpine ana alama kama hizo juu ya mwili mweusi, na katika picha isiyo na rangi kahawia iliyokolea na nyeusi hukaribiana mno, kwa hiyo nisingeapa. Anglo-Nubian hawezi kuwa, maana masikio yake huning'inia, wala Galla wetu wa kaskazini, ambaye kwa kawaida ni mweupe. Lililonigusa zaidi ni ile kamba iliyolegea. Mbuzi aliyetolewa shambani akaletwa katikati ya umati wenye kelele hatulii hivyo isipokuwa kando ya mtu anayemlisha, anayemkamua na kumpunguza kwato kila wakati. Kwa mfugaji yeyote anayeitazama, kazi ya babu yako imo ndani ya picha hiyo ingawa jina lake halikuandikwa.

Mpiga Picha Mstaafu:
Kuhusu miaka, mwandishi wa penseli amekusaidia sana. Mitchell Park, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nairobi, ulipewa jina la Sir Philip Mitchell, aliyekuwa gavana wa Kenya kuanzia 1944 hadi 1952, na baada ya uhuru ukaitwa Jamhuri Park, kwa hiyo tafuta kati ya katikati ya miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1960. Sasa niambie: utepe umetoka mweusi au mweupe?

Mjukuu wa Molo:
Mzee, umetoka mweusi kabisa.

Mpiga Picha Mstaafu:
Basi kuna dalili njema. Kwa desturi ya maonyesho ya Uingereza, utepe mwekundu ni wa mshindi wa kwanza na wa buluu ni wa pili, kinyume cha Marekani. Filamu nyingi za kawaida za wakati ule, kama Verichrome ya Kodak kabla haijabadilishwa mwaka 1956, hazikuiona rangi nyekundu, ambayo ilitoka nyeusi, huku buluu ikitoka nyeupe. Ikiwa filamu ilikuwa ya namna hiyo, mbuzi wa babu yako alichukua nafasi ya kwanza.

Binti wa Nakuru:
Kaka, ili upate uhakika wa tuzo, nenda Maktaba ya McMillan pale Nairobi, yenye hazina ya magazeti ya zamani, ukapekue taarifa za maonyesho ya miaka hiyo ukifuata jina la mlowezi, kwa kuwa ushindi uliandikwa kwa jina la mwenye mali. Kabla ya safari hiyo, waonyesheni nakala wazee waliowahi kuishi shambani pale na kurekodi sauti zao wakieleza nani alikuwa nani, kwani magazeti yatasubiri lakini wazee hawatasubiri. Jina kamili la babu, kijiji chake na jina la aliyewapa maelezo yaandikeni kwa penseli juu ya bahasha kabla picha haijaingizwa ndani, ili mkandamizo wa penseli usiiache na alama.

Mjukuu wa Molo:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Lamineti imekataliwa, na Jumamosi tunampelekea nakala mdogo wake babu, ambaye bado ana kumbukumbu nzuri. Mzee Mpiga Picha, nikishaiskani nitaweka hapa sehemu ya utepe ili uitazame mwenyewe.