Kichaa cha mbwa: fedha zote kwa mbwa, au popo na fungo nao wachunguzwe?

Wakuu, kila linapotajwa lengo la kumaliza vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kuna hoja inarudi: kuchunguza virusi jamaa ya kichaa kwa popo na wanyamapori ni anasa ya watafiti, kila shilingi iende kwenye chanjo ya mbwa. Nusu yake naikubali bila ubishi. Karibu asilimia 99 ya vifo vinatokana na mbwa, na ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika. Nusu ya pili naipinga, na naanzia hapa hapa nyumbani.

Mwaka 2009 fungo alimng'ata mtoto huko Ikoma, Serengeti. Akauawa, ubongo wake ukapimwa, majibu yakaja kama ya kichaa cha mbwa. Mara nyingi faili hufungwa hapo. Safari hii vinasaba vilisomwa, ikaonekana ni virusi vingine kabisa. Leo vinaitwa virusi vya Ikoma. Kipimo hakikukosea, maana kinatafuta protini ya ndani ambayo ukoo mzima wa virusi hivi unayo. Shida iko kwenye chanjo. Kingamwili zake, yaani askari wa mwili wanaotokana na chanjo, hushika protini ya ganda la nje, na ganda la Ikoma limeachana mno na la virusi vya mbwa, kiasi kwamba kingamwili hizo haziwezi kuvizuia.

Na ukoo wenyewe ni mkubwa. Virusi vya Lagos vilipatikana 1956 kwa popo wa matunda, vya Mokola 1968 kwa kirukanjia kule Ibadan, Nigeria, na mwaka huohuo wa 2009 vikapatikana vingine kwa popo aliyekutwa amekufa pangoni karibu na Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa hivi vyote chanjo tuliyonayo haitegemewi. Zimbabwe na Afrika Kusini kuna paka waliochanjwa na bado wakafa kwa Mokola.

Msimamo wangu: mbwa kwanza, lakini sampuli ya mnyamapori aliyemng'ata mtu isiishie kwenye jibu la "ndiyo, ni kichaa".

Mchangiaji, ofisa mifugo wa wilaya:
Mkuu, sibishani na sayansi yako. Ila njoo kijijini siku ya kampeni uone chanjo inavyoisha watoto bado wamepanga foleni na mbwa wao kwenye kamba. Mtu aking'atwa, familia inauza mbuzi ili apate sindano. Waliothibitika kufa kwa virusi unavyovitaja, Afrika nzima, unawahesabu kwa vidole. Mimi nikipewa fedha leo nanunua chanjo, sinunui mashine ya kusoma vinasaba.

Mchangiaji, mkazi wa Kwale:
Mimi hofu yangu ni nyingine. Mkitangaza popo wana kichaa, vijana watawasha moto mapangoni. Popo hawa wanatusaidia kwa kula mbu na wadudu wa shamba. Nani atawalinda?

Mtoa mada:
Ofisa, hao wa vidole ni waliopimwa. Wangapi wanazikwa huko vijijini kwa dalili tu, bila ubongo kupimwa? Halafu usomaji wa vinasaba hauli fedha za mbwa, unazilinda. Angalia Pemba. Kisiwa kilishakuwa salama, 2016 ugonjwa ukarudi. Vinasaba vikaonyesha umeingia zaidi ya mara moja, kutoka nje ya kisiwa. Wakajua mbwa wanaosafirishwa ndio mlango, wakachanja tena, ukakatika. Na mashine zilizokwisha kutumika kwa kazi hii Tanzania na Kenya ni ndogo, za kubeba mkononi.

Ndugu wa Kwale, nipo nawe kabisa: popo asiguswe, pango lisichomwe. Tangazo liwe fupi. Usimshike popo kwa mkono mtupu. Akikukwaruza, osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali ukadai chanjo hata kama mkwaruzo hauonekani. Mwaka 2007 daktari Mholanzi akiwa kambini Tsavo, Kenya, alipigwa na popo usoni, akapata mchubuko puani. Hakupewa chanjo, akafia Amsterdam. Virusi vilikuwa vya Duvenhage, vilivyo karibu na vya mbwa, na kwa hivyo chanjo ingeweza kumwokoa. Kifo kile kinaniuma kwa sababu kilizuilika.

Ofisa, siombi kila mbwa asomwe vinasaba. Naomba wanyamapori walioshambulia watu, wanyama waliochanjwa wakafa, na binadamu aliyemaliza sindano zake akafa. Kwa wilaya moja hizo ni sampuli chache mno kwa mwaka. Sasa nijibu wewe uliye kazini: kichwa cha fungo au nguchiro kikiletwa ofisini kwako kesho asubuhi, barafu ipo? Kinapelekwa maabara gani, na nani analipa nauli?