Taa kubwa hafifu: LED, balbu za wati 100 au kuvuta waya mpya na rilei?

Msafiri_Mafinga
Wakuu, habari za kazi. Nina Probox ya 2006 ya kubebea mizigo, kila wiki natoka Mafinga kwenda Dar, na mteremko wa mlima Kitonga mara nyingi naushuka usiku. Taa zimekuwa hafifu mno. Juzi kwenye kona nilikuja kuwaona watu wawili wanaotembea kwa miguu wakiwa tayari ubavuni mwa gari. Nilisimama mbele kidogo, mikono inatetemeka. Sitaki ijirudie.

Taa ya kushoto ni hafifu kuliko ya kulia. Nikikanyaga mafuta zote zinapata nguvu kidogo. Balbu nimebadilisha mara mbili, hakuna tofauti. Fundi mmoja ananiambia nifunge LED. Muuza spea anasema balbu za H4 (aina ya balbu ya gari langu) za wati 100/90, yaani 100 kwenye fulu na 90 kwenye dimu. Jirani yangu anasema nivute waya mpya na rilei, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili taa zivute umeme moja kwa moja betri. Hela yangu inatosha jambo moja tu. Lipi?

FundiWaya_Ilala
Pole mkuu, na shukuru Mungu hukumgusa mtu. Usinunue chochote kwanza. Azima multimita (kipimo cha umeme), kazi ni ya nusu saa.

Gari ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima inasoma kama volti 12.6. Washa injini, weka taa kubwa, pima kwenye vichwa vya betri: itoe kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa kwenye sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) inasoma chini ya hapo na ukikanyaga mafuta inapanda, angalia mkanda wa alternata inayochaji betri, na alternata yenyewe. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti volti za alternata imekufa, na hiyo ndiyo inayounguza balbu za watu kila mwezi.

Halafu pima nyuma ya soketi ya balbu, balbu ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanachomoa soketi, wanapima ikiwa wazi, wanaona volti zote zipo, wanasema waya ni mzima. Waya uliobaki uzi mmoja nao utakuonyesha volti zote mpaka siku utakapouambia ubebe mzigo. Tofauti ya betri na balbu ikizidi volti 1, umeme unapotelea njiani. Na halojeni (balbu za uzi kama hizo H4 zako) haisamehe: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Kwa kuwa yako inazidiana kushoto na kulia, mimi naishuku ethi ya kushoto (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) au soketi yake.

Noah_Kibaha
Mimi nilifunga LED mwaka jana, barabara ikawa nyeupe kama mchana. Tatizo ni kwamba kila gari linalokuja mbele yangu linanipigia fulu wakati mimi niko dimu. Na mvua ikinyesha naona ukungu mweupe tu mbele.

Dereva_Tunduma
Kaka wa Noah, mimi ni mmoja wa hao wanaokupigia fulu. Naendesha semi, nakaa juu, na bado LED za namna hiyo zinanipofusha. Sekunde mbili tatu sioni ukingo wa barabara wala mwenye baiskeli, na nimebeba tani 30. Nawaomba kwa moyo wangu wote, mnaofunga hizi taa, simameni mita 30 mbele ya gari lenu muone tunachokiona sisi.

FundiWaya_Ilala
Sababu ni hii. H4 ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usirukie juu. Kioo cha ndani ya taa kimepimwa kwa kufuata mahali ulipo uzi ule. Chembe za LED zikikaa pembeni hata milimita 1 mstari wa mwanga unavurugika. Zenoni (balbu za gesi) kwenye taa ya halojeni ni mbaya zaidi. Gari lililotoka kiwandani na LED au zenoni halina shida hiyo, taa yake ilitengenezewa hivyo.

Matatu_Voi
Niongezee kuhusu hizo 100/90, kwa sababu nilizinunua Kirinyaga Road nikiwa na furaha sana. Piga hesabu: balbu mbili za wati 90 kwa volti 12 ni ampea 15, na waya za gari zimezoea 9 au 10. Usiku karibu na Mtito Andei nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikafungua boneti, soketi ya kulia imekuwa kahawia na laini kama nta, pini moja imezama ndani. Nilikaa pale na abiria mpaka asubuhi. Baadaye nilivuta waya na rilei, nikarudisha balbu za 60/55, na naona mbali kuliko nilivyoona na zile kubwa.

Dada_Moshi
Na vioo vya taa je? Gari la 2006 plastiki yake huwa imeshakuwa ya njano. Yangu nilisugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, nikapiga polishi na klia (vanishi angavu ya kulinda). Usipopiga klia inarudi njano baada ya muda mfupi. Dawa ya meno inang'arisha wiki moja tu.

FundiWaya_Ilala
Dada umesema kweli, hiyo ifanyike hata kama waya ni wazima.

Kwenye rilei: pini namba 30 itoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye balbu, 85 na 86 zichukue amri kutoka soketi ya zamani. Rilei moja ya dimu, moja ya fulu. Waya wa milimita za mraba 2.5. Wenye Hilux na Land Cruiser za zamani muwe makini: nyingi swichi yake inakata ethi, haikati chanya, kwa hiyo seti za waya na rilei zinazouzwa zikiwa zimeunganishwa tayari kwa mtindo wa Ulaya hazitafanya kazi mpaka ubadilishe mpangilio.

Msafiri_Mafinga
Nimerudi na namba. Betri kwenye sailensa na taa: 13.0, nikikanyaga 14.1. Soketi ya kulia 12.4, ya kushoto 11.1.

Mkanda wa alternata ulikuwa umelegea, tumeukaza. Ethi ya kushoto imefungwa kwa bolti chini ya kibao cha betri. Nimeifungua, kichwa cha waya kimejaa unga wa kijani na nyuzi nusu zimeshakatika. Nimekata, nimefunga kichwa kipya, nimesugua bodi mpaka bati likang'aa, nikapaka grisi juu. Sasa betri kwenye sailensa 13.9, kulia 13.2, kushoto 13.1. Gharama ni kichwa cha waya na soda ya fundi.

Jana usiku nimeiegesha mbele ya ukuta wa shule, mistari miwili imelingana. Jumamosi nasugua vioo. Rilei nitavuta mwezi ujao. Matatu_Voi, ulitumia fyuzi moja au kila rilei na yake?

Matatu_Voi
Kila moja na yake, ndugu. Dimu ikikata, fulu ibaki ikufikishe.