Ushauri wenu wakuu: njia na signo za stesheni ya Tabora ya mfano

Kijana wa Kiloleni:
Wakuu, poleni na majukumu. Natengeneza stesheni ya Tabora ya mfano, kipimo cha 1:87 (ndogo mara 87 kuliko ya kweli), na nimekwama. Nataka njia tatu: ya kupita, lupu ya kupishania, na ya kupangia mabehewa, kwa sababu Tabora ndipo treni ya bara inapokatwa, nusu Kigoma nusu Mwanza. Swali langu ni moja tu. Signo ya homu, ile ishara inayolinda mlango wa stesheni, niiweke umbali gani kutoka pointi ya kwanza, pale reli zinapogawanyika? Na je, kila njia iwe na signo yake ya kuondokea? Nina siku kumi na mbili. Usiku silali, nachora nafuta.

Mzee Taluma:
Umenikumbusha mbali. Mwaka 1991 nilipanda Dar naenda Mwanza kwa shemeji. Tabora nikashuka kununua asali, nikarudi behewa la jirani maana kulikuwa na jamaa tunapiga soga tangu Morogoro. Usingizi ukanichukua. Kuja kushtuka, behewa zima wanaongea Kiha. Treni imekatwa, mimi niko njia ya Kigoma, begi langu na zawadi za shemeji ziko njia ya Mwanza. Basi hiyo njia ya kupangia mabehewa ni muhimu sana, usiiondoe.

Nyundo:
Siku kumi na mbili za nini, treni inachelewa? Kaoe kwanza mkuu.

Mtu wa Servo:
Homu inakaa kabla ya pointi ya kwanza, ili treni isimame nje wakati njia haijaandaliwa. Signo ya kuondokea inakaa nyuma ya mahali njia mbili zinapokaribiana. Ukiivusha hapo, kichwa cha treni kitasimama kinagusana na treni ya njia ya pili. Ila ubao wako una urefu gani? Bila hicho tunapiga ramli.

Kijana wa Kiloleni:
Sentimita 240 kwa 50. Pointi nne nimeshazigundisha, mbili kila upande. Upana kati ya reli mbili ni mm 16.5.

Pima Kwanza:
Hapo umeshakosea. Reli ya kati ni ya upana wa meta moja tangu Wajerumani walipoifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafuata 1928. Meta moja kwa 1:87 ni kama mm 11.5, ndiyo maana wenzetu hutumia reli ya mm 12. Hiyo ya 16.5 ni SGR mkuu! Halafu umesahau tawi la Mpanda hapo Tabora.

Mzee Taluma:
Tawi la Mpanda linachepuka Kaliua, si Tabora. Nililala Kaliua usiku mzima kwenye kile kisa cha begi, naijua.

Kijana wa Kiloleni:
Ya mm 12 naijua, lakini vichwa vyake na pointi zake bei haishikiki na mzigo unachukua miezi. Hii nimeipata kwa mtu anauza vyote pamoja. Upana wa reli hautamsumbua anayeiangalia. Nisaidieni signo tu.

Mtu wa Servo:
Piga hesabu. Kila pointi kama cm 22, mbili ni 44, weka cm 10 za usalama, inakuwa 54 kila upande. Njia yako ya tatu imebaki na cm 132. Kichwa cm 20 na mabehewa matano ya cm 21 ni 125. Dereva wako ana cm 7 za kupumulia! Bandua pointi moja, njia ya tatu iishie ukutani, utapata karibu cm 180. Na pointi zikianzia ukingoni mwa ubao, homu haina pa kusimama.

Kijana wa Kiloleni:
Kubandua siwezi, gundi imekauka. Homu nitaibana pembeni. Taa za signo nimeshanunua nane, nyekundu, njano na kijani, zinawaka vizuri.

Bi Nuru:
Mwanangu, umesema "anayeiangalia". Ni nani huyo? Na siku kumi na mbili zinaishia wapi?

Kijana wa Kiloleni:
Shikamoo mama. Kuna mzee anakuja. Hilo halihusiani na njia.

Bi Nuru:
Marahaba. Mzee gani?

Kijana wa Kiloleni:
Baba yangu. Alikuwa stesheni masta wa stesheni ndogo za reli ya kati, akastaafu. Anakuja kukaa kwangu moja kwa moja kwa sababu macho yake yameisha kwa presha ya macho. Sikusema mapema maana nilijua mtaniambia nitupe taa. Lakini mwanga bado anaupata kidogo jicho la kushoto. Taa ikiwa kali ataiona.

Mwalimu Mstaafu:
Hela za taa nane ungempeleka kliniki ya macho. Watoto wa siku hizi mnapenda maonyesho.

Chuma Chakavu:
Hii chai. Kipofu atachezeaje treni? Kwanza signo, halafu reli, sasa baba mgonjwa. Kesho utaomba mchango. Kama baba yako ni stesheni masta kweli, tuambie: treni inaingia lupu, unavuta leva gani kwanza, katika ile mikono ya kuendeshea pointi na signo?

Nyundo:
Naweka kambi hapa.

Kijana wa Kiloleni:
Kliniki anakwenda kila mwezi, dawa za matone namwekea mimi akiwa hapa. Sijaomba shilingi ya mtu.
Unavuta pointi kwanza, kisha unazifunga, ndipo signo inakubali. Kurudisha ni kinyume. Signo ikikubali kabla ya pointi, leva ni mbovu na treni hairuhusiwi. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la ofisini kwake, yeye anaweka tokeni kwenye pete ya waya, anatoka nayo, dereva anapitisha mkono ndani ya pete bila kusimamisha treni. Bila tokeni hiyo hakuna anayeingia kwenye njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili. Siku hizi ukimpa funguo, anazipitisha kwanza zote kwenye kidole gumba, moja moja, ndipo anazishika. Nafikiri hawezi kuacha.

Bi Nuru:
Basi umejijibu, mwanangu. Mikono yake ndiyo macho yake.

Chuma Chakavu:
Jibu la leva ni sahihi. Hayo mengine ya mitandaoni siapii. Ila jibu ni sahihi.

Mtu wa Servo:
Sasa ndiyo tunaweza kupanga. Signo za mkono za 1:87, zile zenye ubao unaolala na kuinama, usiweke, mkono wa signo una milimita kumi na kitu tu, mzee atauvunja akiupapasa. Weka signo kubwa ukingoni mbele, mkono wa cm 15 wa plaiwudi: ukilala ni simama, ukiinama ni pita. Homu yako iliyokosa nafasi inahamia hapo. Chini yake leva tatu za mbao: pointi, kufuli, signo. Kati yake pitisha ubapa wenye mapengo, leva ya signo ikwame mpaka kufuli livutwe. Atausikia ule ukwamaji kwenye kiganja. Funga uzito nyuma ya mkono, uzi ukikatika signo irudi yenyewe kwenye simama, kama ile ya kweli. Pointi zivutwe na mota ndogo za servo, SG90, volti 5, polepole. Zile taa waachie wajukuu.

Kijana wa Kiloleni:
Taa nitaacha mbili. Hapo sibadiliki, ile nyekundu anaiona.

Mzee Taluma:
Na kengele, usisahau kengele.

Kijana wa Kiloleni:
Jana usiku nimempigia, nikamwuliza homu inakaa umbali gani na pointi. Akaniuliza stesheni ipi, upande upi, kuna mteremko? Tukaongea dakika arobaini. Mwisho akasema, "Nani anauliza?" Nikamwambia kuna watu mtandaoni wanabishana. Akasema niwaambie wasiishushe signo kabla ya kufuli.
Asubuhi nimebandua pointi ya tatu kwa maji moto na kisu. Imetoka nzima, taluma mbili tu, vile vipande vinavyobeba reli, zimevunjika. Mtu wa Servo, mapengo ya ubapa niyakate upana gani?

Mtu wa Servo:
Leva yako ina unene gani? Pima kwanza, ongeza milimita moja. Na piga picha ya chini ya ubao, nione nyaya.