Naomba ushauri: usaili wa kampuni ya utalii Arusha, nafasi ya ofisini

Wakuu, habari za leo. Naishi Moshi, nimeitwa kwenye usaili Arusha Jumanne ijayo. Ni kampuni ya utalii, kazi ya kujibu barua pepe za wageni na kuwapangia safari. Naitaka sana, ndiyo niliyoisomea.

Upande wa Mlima Kilimanjaro sina shaka. Najua Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, Machame na Lemosho ni mahema, na kwa nini mgeni anayetaka kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ashauriwe kuongeza siku ili mwili uzoee hewa nyepesi badala ya kukimbilia bei nafuu. Kinachonisumbua ni mbugani. Nimedokezwa kwamba hutoa zoezi la kuandika, kwa mfano familia yenye watoto, siku tano, mwezi wa pili, upange ratiba. Mimi ningeanza Tarangire, niende Ndutu, kusini mwa Serengeti, kwa kuwa ndicho kipindi nyumbu wanazaa huko, nimalizie Kreta ya Ngorongoro. Je, kwa watoto wadogo kukaa garini hivyo si kuwachosha? Mliowahi kufanya kazi hii mngepangaje?

La pili ni mshahara. Wakiniuliza nataka kiasi gani, nitaje au niwaachie? Kaka anasema nitaje, mama anasema nisubiri watangulie wao.

Halafu nilale Arusha au Kosta ya alfajiri inatosha? Wameandika saa mbili kamili asubuhi.