Msaada: kipindi cha dakika 20 kuhusu Elizabeth Clare Prophet. Nimwite nabii, mtume, mjumbe au nani?

Kalamu ya Mwanzi (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Naandaa andiko la redio, dakika 20 bila matangazo, kuhusu Elizabeth Clare Prophet, yule mama wa Marekani aliyeongoza kanisa la Church Universal and Triumphant. Nimekwama pahala patatu. Sijui cheo chake nikiiteje kwa Kiswahili. Msamiati wa mafundisho yake ukisomwa kwa sauti unachekesha. Halafu mahandaki ya 1990, waliyojificha kwa hofu ya makombora, yamekula nusu ya rasimu, mwenyewe amebaki kivuli. Naomba ushauri kwa wanaoijua habari hii.

Bi Msomi
Anza na jina maana ndipo wengi wanapoteleza. "Prophet" si cheo, ni jina la ukoo la mumewe wa pili, Mark L. Prophet. Yeye alizaliwa Elizabeth Clare Wulf, New Jersey, tarehe 8 Aprili 1939. Ukiandika "Nabii Elizabeth" umetafsiri jina la ukoo la watu. Liseme kama lilivyo, kisha weka sentensi moja tu ya kumtoa msikilizaji wasiwasi.

Cheo alichotumia, "Messenger", kilimaanisha mpeleka ujumbe. "Mtume" usiliguse, maana msikilizaji Mwislamu atazima redio na Mkristo atawaza wale kumi na wawili. Chukua "Mjumbe", ila mara ya kwanza sema "Mjumbe wa Mabwana Waliopaa", la sivyo nusu ya Tanzania itadhani ni mjumbe wa nyumba kumi.

Mzee wa Kamusi
Bibie kasema kweli. Naongeza la msamiati, na hapa usiwe na haraka.

"Mabwana Waliopaa" ni sawa. Hawa katika imani yao ni watu waliowahi kuishi duniani, wakamaliza safari ya kuzaliwa upya na kuungana na Mungu: Saint Germain, El Morya, na Yesu pia yumo.

Moto wao maarufu una rangi ya zambarau, nao ndio wanaoamini unayeyusha karma, yaani deni la matendo ya mtu, hata ya maisha yaliyopita. Usiandike "mwali wa zambarau". Kwenye karatasi hauna kosa, lakini hewani mwali ni binti anayetolewa unyagoni, na zambarau ni tunda. Msikilizaji wa Tanga atasubiri ngoma. Sema "moto wa urujuani", halafu "yaani rangi ya zambarau" mara moja, basi. "Miale" iache kwa ile miale saba, kwa kuwa kila mwale una rangi yake na Bwana wake, na urujuani ni mwale wa saba, wa Saint Germain. Ukiita moto huo mwali na mwangaza mwale, mtangazaji lazima ataukwaa ulimi.

Pagumu zaidi ni jina la Mungu wanalolitumia, "I AM" kwa Kiingereza, lililotoka Kutoka 3:14. Biblia ya Union ina "MIMI NIKO AMBAYE NIKO", kwa hiyo jina litakuwa MIMI NIKO. Lakini katika matamko yao, yaani maneno wanayoyakariri kwa sauti, jina hilohilo hufuatwa na sifa, na "MIMI NIKO moto" si Kiswahili. Hapo utalazimika kusema "MIMI NI". Eleza mara moja kwamba ni neno moja lenye kazi mbili, maana ukinyamaza, mchezo mzima wa lugha unapotea.

Kibatali
Mkuu, usiyaite matamko yao "dua" wala "sala". Sala inaomba. Hawa wanaamuru, kwa sauti, kwa pamoja, wakirudiarudia na kuongeza kasi mpaka maneno yanashikana kama nyuki mzingani. Ukipata nafasi mwambie msomaji asome mstari mmoja mara tatu, kila mara haraka zaidi. Sekunde kumi zinatosha kueleza yasiyoelezeka kwa aya nzima.

Kosa jingine ni kumwita mganga au kusema alikuwa "anapandisha". Kwetu anayepandwa ni kiti. Pepo anaketi, mwenyewe hayupo, na akizinduka anaulizia alisema nini. Prophet alikana kabisa kuwa wa namna hiyo. Alisimama mbele ya mkutano akiwa na fahamu zake, akatamka ujumbe wa Bwana fulani kwa nafsi ya kwanza, nao ukarekodiwa na kuchapwa. Mambo mawili tofauti hayo, na tofauti hiyo ndiyo iliyompa mamlaka yake.

Bi Msomi
Na usimfanye chanzo cha kila kitu. Mabwana hawa walianza kujulikana na Theosophical Society, chama cha elimu ya mafumbo ya kiroho cha New York, 1875, iliyoasisiwa na Helena Blavatsky na wenzake. Miaka ya 1930 Guy na Edna Ballard wakaja na harakati ya "I AM", yenye matamko na moto wa urujuani tayari. Mark Prophet alianzisha kikundi chake, Summit Lighthouse, mwaka 1958, Washington. Elizabeth alikutana naye Boston mwaka 1961, wakaoana 1963.

Mark alifariki kwa kiharusi Februari 1973. Mjane alikuwa na miaka 33 na watoto wanne. Simama hapa, mpe dakika nne nzima! Vikundi vingi hufa na mwanzilishi, hiki kilikua. Wafuasi walimwita "Guru Ma", mume akatangazwa kuwa naye amepaa na kupewa jina Lanello, hivyo mamlaka hayakukatika: marehemu akaendelea kusema kupitia mkewe. Mwaka 1975 likasajiliwa kanisa la Church Universal and Triumphant.

Fundi Mitambo
Hesabu kwanza. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia husoma maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Dakika 20 ni kama maneno 2,300. Habari ya mahandaki isizidi maneno 500.

Mpangilio wake ni huu. Mwaka 1981 kanisa linanunua shamba la tajiri Malcolm Forbes huko Montana, ekari 12,000 hivi, jirani na hifadhi ya Yellowstone. Mwaka 1986 makao makuu yanatoka California kwenda huko. Hofu ni makombora ya Kisovieti. Handaki kuu lilijengwa la watu wapatao 750, na familia nyingine zikachimba ya kwao jirani. Usiku wa 15 Machi 1990 wakashuka, asubuhi wakatoka. Mwezi uliofuata ikagundulika matangi ya mafuta yaliyofukiwa yanavuja, takribani galoni 30,000, zaidi ya lita 110,000. Ongeza na kesi ya mwaka 1989 ya silaha zilizonunuliwa kwa jina la bandia, iliyomfunga mumewe wa wakati huo kwa muda mfupi.

Wengi huchanganya habari hii na Waco au Jonestown, walikokufa wafuasi wengi wa vikundi vya dini. Hapa hakuna aliyekufa handakini. Ukiweka muziki wa kutisha, umeshadanganya bila kusema neno.

Kibatali
Fundi, umesahau wale waliouza nyumba na kuacha kazi ili wapate nafasi chini ya ardhi. Risasi haikulia, sawa, lakini madeni yalibaki, na wengi waliondoka baada ya hapo. Viongozi walisema matamko yao ndiyo yaliyozuia maafa. Weka kauli zote mbili bega kwa bega, usiamue wewe.

Mzee wa Kamusi
La mwisho kwangu ni ugonjwa wa Elizabeth. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na mwaka 1998 ikatangazwa ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuna wanaodai jumbe zake zote zilitokana na kifafa. Hoja hiyo inayumba, kwa sababu Mark alitoa jumbe za namna ileile kabla yake, na yeye ndiye aliyemfundisha. Elizabeth alistaafu 1999, akafariki Bozeman, Montana, 15 Oktoba 2009.

Urithi wake uanze na swali la nani alimrithi. Jibu ni hakuna. Uongozi wa ofisi ulikwenda kwa meneja tangu 1996, lakini kiti cha Mjumbe kanisa halikumpa mtu. Katika ibada hupigwa rekodi zake. Waliojitangaza wajumbe wapya wameanzisha vikundi vyao nje. Shamba nalo lilipungua, sehemu kubwa ikaingia mikononi mwa serikali kwa ajili ya wanyamapori.

Kalamu ya Mwanzi
Asanteni sana, shikamoo Mzee. Nimeanza upya hivi: "Jina lake lilikuwa Prophet, lakini hakuwa nabii. Elizabeth Clare, mwanzilishi wa Summit Lighthouse, alijiita Mjumbe wa Mabwana Waliopaa."

Bi Msomi
Futa "mwanzilishi". Hiyo ya 1958 ni ya Mark, yake ni ya 1975. Na "hakuwa nabii" ni hukumu yako, wapo watakaokubishia. Andika "lakini hilo halikuwa cheo".