Naomba ushauri: Kongresi inazibanaje idara za shirikisho Marekani?

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la uraia kwa wenzetu tuliohamia huku Marekani, nimekwama kwenye namna Kongresi (bunge la hapa) inavyozibana idara za serikali ya shirikisho.

Nimeanzia kesi ya Chadha, mzaliwa wa Kenya. Mwaka 1974 jaji wa uhamiaji alisimamisha kufukuzwa kwake nchini Marekani; 1975 Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, peke yake, likatengua uamuzi huo. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikakataa: jambo kama hilo lazima lipite mabaraza yote mawili, kisha lifike kwa Rais. (Kesi ya mtu mmoja, ikatikisa sheria chungu nzima zenye kipengele kama hicho!)

Sheria ya 1996 (Congressional Review Act) inairuhusu Kongresi kufuta kanuni mpya ya idara, ila kwa kawaida Rais naye asaini. Sasa Rais gani atasaini kufuta kazi ya watu wake mwenyewe? Nimesoma hukumu na sheria yenyewe, bado sijaelewa vizuri.

Je, sheria hii ina meno wakati wowote zaidi ya pale Rais mpya anapoingia na kukuta kanuni za aliyemtangulia? Na kwa darasa la watu wazima, nianze nayo, au nianze na bajeti na vikao vya kuwahoji wakuu wa idara?

Natanguliza shukrani.